Sehemu ya 23: Mtoto mmoja akiwa na nguvu zote, wengine wanacheza nini?

Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimekunywa chai, usingizi umegoma. Basi ngoja niandike.

Mara ya mwisho tuliongea homa na jinsi ya kupima dawa ya maji ya mtoto. Leo homa naiweka pembeni. Nataka tuongee michezo ya watoto, na jambo moja ambalo naona wazazi wengi tunalikosea, mimi nikiwa wa kwanza. Jambo lenyewe ni hili: watoto wanacheza pamoja, mmoja ana nguvu kuliko wote, wengine wanaanza kuboreka au kulia. Mzazi ufanye nini? Umpunguze yule mwenye nguvu? Uwaache wapambane?

Nianze na yaliyotokea hapa kwangu Madale.

Mtoto wa dada yangu yuko chuo, likizo hii amekuja kukaa kwetu. Siku ya pili tu akaniambia, "Mama mdogo, hawa watoto nitawafundisha mchezo, watasahau simu yako." Nikamwambia ukiweza hilo nakupikia pilau. Na kweli pilau nililipika.

Mchezo wenyewe ni wa kukaa mezani na kusimuliana hadithi. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja anachagua mhusika na fani yake: askari, mwizi mwerevu, mponyaji, mtu wa miujiza. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, nyuma yenu kuna fisi wakubwa kama ng'ombe, mnafanyaje?" Kila mtu anasema mhusika wake anafanya nini. Unaitwa Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974, walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni zake za msingi zipo bure mtandaoni, kijana akachapisha kurasa chache stationery.

Unahitaji dadu la pande 20, na sisi dadu tuliyonayo ni ya ludo, pande 6. Wakachana karatasi za daftari, wakaandika namba 1 mpaka 20, wakakunja, wakatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Unataka kuruka ukuta? Chomoa karatasi. Ikitoka namba kubwa umeruka. Ikitoka ndogo umeangukia kwenye michongoma, na karatasi inarudi koponi.

Watoto wangu wawili, wa kwanza wa kiume miaka 12 na mdogo wake wa kike miaka 8, pamoja na mtoto wa jirani miaka 10, wakahamia barazani. Umeme ukikatika wanacheza na taa ya kuchaji. Mimi nikasema alhamdulillah, nimepumzika.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu neno. Siku ya kwanza mwanangu alitangaza kwa sauti, "Mimi ni mchawi!" Mama jirani alikuwa anaanua nguo, akasimama. Ningekuwa mimi pia ningesimama. Kwetu neno hilo si la mchezo, kuna watu wameumizwa kwa kuitwa hivyo. Nikakaa nao nusu saa nikasikiliza. Nilichosikia ni hadithi kama zile bibi alizokuwa anatusimulia, zenye majitu na wanyama wanaoongea. Tukakubaliana na mama jirani, neno likabadilishwa. Mhusika wa mwanangu akawa anaitwa Mjuzi. Hayo yakaisha kwa amani. Kama unaona watoto wako wana mchezo usiouelewa, nakushauri ufanye hivyohivyo, kaa usikilize kwanza.

Sasa tatizo.

Baada ya kama siku nne, nimerudi kazini nikamkuta binti yangu jikoni anachambua mchele ambao hakuna aliyemtuma. Wenzake wanacheza nje. Nikamuuliza, mbona huchezi? Akanijibu bila kuniangalia, "Mama, mimi kazi yangu ni kungoja."

Nikatoka nikachungulia. Jamani, ilikuwa kweli. Kaka mtu ndiye Mjuzi. Fisi wakija, Mjuzi anawachoma moto. Mlango ukifungwa, Mjuzi anaufungua. Mlinzi wa kijiji akikataa kuwapitisha, Mjuzi anamlaza usingizi. Na akishamaliza uwezo wake wote kwenye tukio la kwanza, anasema, "Haya, tunalala," kisha asubuhi ya hadithi anaamka mzima, uwezo wote umerudi, anaanza upya. Binti yangu alichagua askari. Ana upanga, ana ngao, na hajawahi kuvitumia.

Mimi nimetoka zamu, nimechoka, miguu imevimba. Nikafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Nikamwambia mpwa wangu, "Huyo Mjuzi mpunguze nguvu, na kuanzia leo kila mtu awe na uwezo sawa." Amri ya mama. Nikaenda kulala.

Nilipoamka, baraza lilikuwa tupu. Mkubwa amejifungia chumbani, kanuna. "Mimi nimesoma zile karatasi zote, nimejua kila kitu cha Mjuzi wangu, halafu nanyang'anywa. Basi sichezi." Mtoto wa jirani karudi kwao. Na yule binti niliyedhani namtetea, unajua alisema nini? "Mama, sasa wote tunafanya kitu kilekile, tunabadilishana majina tu."

Basi nikawa nimeua mchezo wote kwa siku moja.

Mpwa wangu akacheka, akaniambia si mimi wa kwanza. Wenye mchezo wenyewe walipotoa toleo la nne mwaka 2008, walitaka kumaliza ugomvi huu wa siku zote wa mtu wa miujiza kumzidi askari. Wakampa kila mhusika uwezo uliopangwa kwa mtindo mmoja: huu wa kutumia muda wote, huu mara moja kwa kila pambano, huu mara moja kwa siku. Hesabu ilikaa vizuri zaidi, lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba wahusika sasa wanafanana. Mwaka 2014 toleo la tano lilipotoka, fani zikarudishiwa tofauti zake.

Nikajifariji kidogo. Kama watu ambao kazi yao ni kutunga michezo walihangaika, mimi nani?

Jumapili iliyofuata tukaenda Mbagala kumsalimia baba yangu. Baba ni mtu wa bao. Mkubwa wangu bado amenuna, babu akamwita, "Njoo hapa mjukuu wangu, kaa." Nikawa naosha vyombo pembeni huku nasikiliza.

Kwa ambao hamjawahi kukaa kwenye bao: bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kete ni 64, kila mtu 32. Lakini mchezo hauanzi na kete zote ubaoni. Unaweka 6 kwenye shimo moja la mraba linaloitwa nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 zilizobaki unazishika mkononi. Hizo unaingiza mojamoja kila zamu yako inapofika. Hiyo ndiyo namua.

Nyumba ndiyo yenye nguvu. Inanenepa, inajaa kete. Ukila na ukasambaza kete zako, ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako, una hiari. Unaweza kulala hapo, nyumba ikazidi kunenepa. Au unaweza kuisafirisha, kete zote zikamwagika kuzunguka ubao, na safari moja nzuri inaweza kumgeuza mtu aliyekuwa anashindwa akawa mshindi.

Mkubwa wangu macho yakamtoka. "Babu, sasa kwa nini nisiisafirishe saa hii hii?"

Babu akamwambia, "Isafirishe. Ila ukishaivunja, hakuna kuijenga tena. Umebaki na mashimo ya kawaida kama wengine."

"Basi sitaisafirisha kabisa, nitaiacha inenepe."

"Iache. Ila mimi nikipata nafasi upande wangu unaoitazama, naila yote kwa mara moja. Hapo umeninenepeshea mimi."

Mtoto akanyamaza. Akaanza kufikiri. Nikamwona anaangalia mashimo madogo, yale yenye kete mbili, yale ambayo hakuyajali mwanzo. Akagundua kwamba hayo madogo ndiyo yanayozuia nyumba yake isiliwe.

Mama wenzangu, nilisimama na sufuria mkononi. Jibu lilikuwa kwenye ubao ambao baba yangu amekuwa akiucheza tangu mimi sijazaliwa. Bao halijaifanya nyumba iwe sawa na mashimo mengine. Nyumba imeachwa na nguvu zake zote, ila nguvu hiyo ina gharama, ina hatari, na inahitaji wadogo waliosimama jirani yake.

Na mimi muuguzi hili nalijua kila siku, sijui kwa nini sikuliona nyumbani. Dawa kali hatuitupi eti kwa sababu ni kali. Tunaipimia dozi kwa uzito wa mgonjwa na tunahesabu saa kabla ya kuirudia. Daktari wa upasuaji ndiye mwenye kisu, ndiye mgonjwa anamshukuru. Lakini bila mtu wa usingizi, bila muuguzi aliyehesabu vifaa, bila maabara iliyotafuta damu inayolingana, bila dada aliyesafisha chumba kile, kisu hicho hakigusi mtu. Hakuna anayesema tumpunguze daktari ujuzi ili tuwe sawa. Tunachosema ni kwamba asifanye peke yake.

Tuliporudi Madale, nikamwita mpwa wangu na karatasi zake. Nikamwambia tafuta, gharama ya huyu Mjuzi iko wapi? Akasoma, akaanza kucheka kwa aibu. Gharama ilikuwepo kwenye kanuni tangu mwanzo. Wao waliirusha kwa sababu ilikuwa inawachelewesha.

Ya kwanza ni kulala. Mapumziko marefu yanayomrudishia Mjuzi uwezo wake wote yanachukua saa 8, na hupati faida yake zaidi ya mara moja ndani ya saa 24. Askari yeye ana uwezo unaorudi kwa mapumziko mafupi ya saa 1. Kwa hiyo kama siku ya hadithi ina matukio matatu manne, Mjuzi lazima ajibane, na askari ndiye anayebaki na pumzi mwishoni. Watoto wangu walikuwa wanalala kila baada ya tukio moja. Hadithi inawasubiri, fisi wanawasubiri, kijiji kinachoungua kinawasubiri! Tukakubaliana, ukilala dunia haikusubiri. Ukiamka fisi wameshafika kijijini.

Ya pili ni umakini. Miujiza mingi ya kuendelea kwa muda inataka Mjuzi aishikilie akilini, na anaweza kushikilia mmoja tu kwa wakati. Akipigwa wakati ameushikilia, anaweza kuupoteza. Maana yake ni nini? Anahitaji mtu wa kusimama mbele yake.

Ya tatu haikuwa kwenye karatasi, tuliiongeza sisi. Kila tukio, msimulizi anaanza kumuuliza yule ambaye hajaongea. Na kila siku ya hadithi lazima kuwe na kitu kimoja ambacho kila mhusika anakiweza kuliko wengine. Wanakijiji wanamwamini askari kwa sababu aliwahi kuwalinda. Mwizi mwerevu wa mtoto wa jirani anajua njia za panya. Mjuzi anajua kusoma maandishi ya kale. Hakuna mlango wenye funguo moja tu.

Usiku ule nilikuwa off. Niko jikoni nakaanga samaki. Wamefika darajani, wanavusha wanakijiji, fisi wanakuja. Mjuzi akatandaza ukungu mzito ili watu wapite wasionekane. Lakini ukungu ule lazima aushikilie, hawezi kufanya jingine la aina hiyo, na akiumwa na fisi ukungu unaweza kutoweka na watu wote wakaonekana. Binti yangu akasema, "Nasimama mwanzo wa daraja na ngao." Akatia mkono kwenye kopo. 17!

Nikasikia kaka mtu anapiga kelele, "Usitoke hapo! Usitoke, nakutegemea wewe!"

Huyo ni mtoto yuleyule aliyekuwa anamaliza kila kitu peke yake. Sikutoka jikoni. Samaki mmoja aliungua.

Sasa baba watoto alikuwa na hoja yake, na naiheshimu. Alisema, "Mama, unawadekeza. Maisha hayana usawa. Mwenye nguvu anashinda, waache wazoee mapema." Kuna wengi mnaofikiri hivyo, nimewasikia.

Jibu langu ni hili. Kushindwa sikukatazi. Mtoto ashindwe bao, ashindwe ludo, apigwe mpira wa rede atoke. Kushindwa kunafundisha. Lakini mtoto asiye na la kufanya hashindwi. Yeye anajifunza kukaa pembeni. Ni somo tofauti kabisa, na mimi naliona matunda yake kazini. Anakuja mama kijana na mtoto anayeharisha. Namuuliza, ameanza lini? Anamgeukia mama mkwe amjibie. Namuuliza, ananyonya vizuri? Anamwangalia mumewe. Mtoto ni wake, amekesha naye usiku kucha, majibu yote anayo, lakini amezoea kwamba kuna mwenye nguvu atakayesema. Kwa mtoto anayeharisha, nikichelewa kupata jibu sahihi tunaweza kupoteza muda ambao hatuna.

Sisemi mama yule aliharibiwa na mchezo wa utotoni. Nasema kuongea na kutenda ni mazoezi, na mchezo ndio uwanja wa kwanza wa mazoezi.

Na kuna upande wa pili tunaousahau. Yule mtoto mwenye nguvu naye anaumia. Anayefanya kila kitu peke yake anakua akidhani kuomba msaada ni udhaifu. Mnawajua, watoto wetu wa kwanza. Wanalea wadogo, wanabeba ndoo, wanafaulu, na siku wakilemewa hawasemi. Ule ukungu wa darajani ulimfundisha mwanangu neno "nakutegemea", na kwa miaka 12 sikuwahi kumsikia analitamka kwa mdogo wake.

Si lazima mcheze huu mchezo wa Wamarekani. Fanyeni hivi kwenye michezo mliyonayo. Mpira wa uwanjani: yule fundi asikatazwe kupiga chenga, ila bao lake lihesabiwe kama mpira umepita kwa wenzake angalau wawili. Rede: warushaji wadogo wasogee hatua mbili mbele, na yule hodari wa kukwepa ajaze chupa mchanga mpaka juu kabisa. Kombolela: mdogo asiwekwe tu kama pambo asiyehesabiwa, apewe haki ya kukomboa wote akifanikiwa kugusa. Utaona kaka zake wanavyomlinda.

Ukiona mchezo umeharibika, jiulize maswali mawili kabla ya kutoa amri kama mimi. La kwanza, nguvu ya huyu mtoto inamgharimu nini? La pili, anamhitaji nani? Kama majibu ni "hakuna" na "hakuna", rekebisha hapo. Nguvu zake mwachie.

Hapa kwangu bado wanagombana, msidhani nyumba imegeuka pepo. Jana tu walivutana kuhusu nani aliona hazina kwanza, na kopo likamwagika vikaratasi vyote, namba 8 mpaka leo haijaonekana. Lakini binti yangu hachambui tena mchele usiohitaji kuchambuliwa.

Usingizi sasa umekuja. Mkubwa ameniomba tukienda Mbagala mwezi ujao amwachie babu nyumba yake ainenepeshe kidogo, eti ana mpango. Babu hajui kinachomsubiri.

Wenu muuguzi wa Madale. Tukijaliwa, sehemu ya 24 tutarudi kwenye kuharisha, na jinsi ya kuchanganya maji ya ORS bila kubahatisha.